Mfupa wa Ngamia na Kalamu: Bibi Salme binti Said na Historia ya Ukoo Wake, 1844–1924

Miongoni mwa wanawake walioishi Unguja katika karne ya 19, ni wachache mno ambao maisha yao yanafahamika kwa undani, na wengi wa hao wachache wanajulikana kwa sababu mmoja wao aliandika. Sayyida Salme binti Said, binti wa mtawala wa Oman na Unguja, ambaye Ulaya ilimjua baadaye kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin mwaka 1886 kwa lugha ya Kijerumani, na kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza, yaani masimulizi ya maisha yaliyoandikwa na mhusika mwenyewe, kuwahi kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Katika dibaji yake alieleza kwamba alianza kuandika miaka tisa kabla, akiwakusudia watoto wake, ambao wakati huo hawakujua mengi juu ya mama yao zaidi ya kwamba alikuwa Mwarabu na kwamba asili yake ilikuwa Unguja. Kwa hiyo, kabla ya kuwa hati ya kihistoria inayorejewa na wataalamu, maandishi hayo yalikuwa jambo la kinyumbani: mzazi akiwahesabia wanawe wakubwa wao mmoja baada ya mwingine, katika nchi ambayo hapakuwa na shangazi wala bibi wa kuifanya kazi hiyo.

Nasaba ya baba na ya mama

Baba yake, Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Busaidi, alizaliwa mwaka 1791 na kushika utawala wa Oman mwaka 1806, akiwa bado kijana. Katika kisa anachokisimulia Bibi Salme kuhusu miaka hiyo, mtu anayesimama mbele si mtawala mwenyewe bali ni shangazi yake, Bibi Moza binti Ahmad, aliyeshika hatamu za nchi wakati mpwa wake alipokuwa hajakomaa, na ambaye, kwa mapokeo ya ukoo, wakati wa kuzingirwa na maadui alivaa nguo za kiume usiku na kukagua mwenyewe vituo vya walinzi. Ni dhahiri kwamba kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa ndani ya nyumba za kifalme za Unguja kizazi kizima baada ya kutokea, na kwamba mabinti wa Seyyid Said walikua wakijua kuwa katika ukoo wao mwanamke amewahi kutawala.

Upande wa mama ulikuwa na historia fupi zaidi na yenye huzuni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, yaani mmoja wa watu wa milima ya Kaukasia, na aliporwa utotoni wakati wa vita vilivyoisambaratisha familia yake, akaishia katika nyumba ya Seyyid Said akiwa na umri wa kiasi cha miaka saba au minane. Hapo alilelewa pamoja na watoto wa mtawala na kufundishwa kusoma nao, na alipokua akawa suria. Neno suria lina maana maalumu katika sheria ya Kiislamu: ni mjakazi aliye katika unyumba na bwana wake, na akimzalia mtoto huitwa umm walad, yaani mama wa mtoto, hawezi kuuzwa tena, na bwana wake akifa huwa huru. Mtoto wake naye huzaliwa huru na ana haki sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Kwa sababu ya kanuni hiyo Salme, ambaye mama yake aliingia nyumbani humo kama mateka, alihesabiwa binti kamili wa mtawala na mrithi wake kisheria, sawa na ndugu zake wengine wote. Kwa hesabu yake mwenyewe, Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, na wote walikuwa wa masuria, kwa kuwa mke wake mkuu, Bibi Azza binti Seif, hakuwa na mtoto.

Kasri la Mtoni na elimu iliyofichwa

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika Kasri la Mtoni, lililojengwa ufukweni kaskazini ya mji wa Unguja, mahali ambapo mto mdogo unaingia baharini na kuipa sehemu hiyo jina lake. Kumbukumbu zake zinauchora uwanja wa ndani wa kasri hilo kwa jicho la mtoto: tausi, paa, mbuni na korongo wakizurura kati ya watu, nyumba za kuogea zilizojaa watu tangu alfajiri, na upande wa bahari roshani kubwa ya duara iliyoitwa benjile, ambako baba yake alikuwa akitembea huku na huko peke yake, ameinamisha kichwa, akiwa katika mawazo. Mbele ya mtawala ilipasa kusemwa Kiarabu tu, lakini mara alipogeuza mgongo Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili vilirudi vyote kwa pamoja.

Watoto wa kasri walisomea barazani, wakiwa wameketi juu ya mkeka mbele ya mwalimu wa kike, na vifaa vyao vilikuwa msahafu, kalamu ya mwanzi, kidau cha wino uliotengenezwa nyumbani, na mfupa wa bega la ngamia uliosafishwa hadi ukawa mweupe, ambao ulitumika badala ya ubao. Wote walijifunza kusoma Kurani, ila kuandika kulikuwa kwa wavulana peke yao, kwa kuwa iliaminika kwamba mwanamke anayejua kuandika atapata njia ya kupeleka na kupokea barua ambazo wakubwa wake hawazijui. Salme alijifunza kwa siri. Aliufungua msahafu, akaweka mfupa wa ngamia mapajani, na akawa anaiga umbo la kila herufi hadi mkono ulipozoea. Alipoona kwamba ameweza, alimwomba mmoja wa watumwa waliosoma amfundishe mwandiko mzuri. Habari zilipojulikana alilaumiwa sana, lakini ujuzi ulikuwa umekwisha kupatikana, na hapana aliyeweza kumnyang'anya.

Mirathi, njama na mfarakano wa ndugu

Seyyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, alipokuwa akirejea Unguja kutoka Oman. Utawala uligawanyika: mwanawe Thuwaini alibaki Muskati na Majid akashika Unguja, na mwaka 1861 utengano huo ulithibitishwa kwa uamuzi wa serikali ya Kiingereza ya India, ulioitaka Unguja iilipe Muskati riale 40,000 kila mwaka. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitangazwa kuwa mtu mzima kisheria na kupokea fungu lake la mirathi, ambalo lilikuwa shamba lenye nyumba pamoja na fedha taslimu. Mwaka 1859 mama yake naye alifariki kwa kipindupindu, ugonjwa uliowaua watu wengi kisiwani mwaka huo, na binti akabaki na mali lakini bila mlezi wa kumsemea.

Mwaka huohuo mdogo wake Majid, Barghash, alipanga kumpindua kaka yake, na ndugu wa kike wakajigawa. Bibi Khole, dada aliyependwa sana na Salme, alikuwa upande wa Barghash, naye akamvuta Salme huko, ingawa Majid ndiye aliyemlea kwa sehemu ya utoto wake na kumfundisha kupanda farasi na kupiga bunduki. Sababu ya kuhitajiwa kwake ilikuwa wazi: wala njama walitaka mtu wa kuandika barua za siri, na katika kundi lao lote la wanawake alikuwa yeye peke yake aliyejua kuandika. Hivyo msichana wa miaka 15 akawa katibu wa uasi, akiandika usiku barua za kuagiza silaha na kuwaita wakuu wa makabila. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa ndani akiwa amevalia nguo za kike, akakimbilia shambani, lakini wafuasi wake walishindwa kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza, naye akahamishiwa Bombay. Majid hakumwadhibu Salme. Na Salme alipopatana naye baadaye, Khole na Barghash waliliona jambo hilo kuwa usaliti. Ufa huo kati ya ndugu haukuzibika tena, na miaka 25 baadaye ndio ulioamua hatima ya madai yake.

Kuondoka Unguja

Baada ya kuishi kwa muda shambani Bububu, Salme alirudi mjini na kukaa katika nyumba iliyopakana na ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg aliyekuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani. Nyumba za Mji Mkongwe zina mapaa bapa na vichochoro vyembamba, kiasi kwamba majirani huweza kuzungumza kutoka juu ya nyumba moja hadi nyingine, na kutokana na ujirani huo yalizuka mapenzi na hatimaye mimba, jambo ambalo kwa binti wa kifalme asiyeolewa lilikuwa hatari kwa maisha yake. Mwezi wa Agosti 1866 ulifika usiku wa Siku ya Mwaka, yaani sikukuu ya mwaka wa jua ambao Waswahili huuhesabu tangu zamani, ambapo wanawake wa mji walikuwa na desturi ya kushuka pwani kuoga. Katika msongamano huo Salme aliingia katika mashua ya manowari ya Kiingereza *Highflyer* na kuchukuliwa hadi Aden, kwa msaada wa mke wa kaimu konsuli wa Uingereza, ambaye jina lake lilikuwa Emily.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi hata mwaka mmoja. Tarehe 30 Mei 1867, baada ya Ruete kuwasili, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo, kisha wakaondoka kwenda Hamburg. Walipata watoto watatu katika miaka mitatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870, na kila mmoja alipewa jina la Kiarabu pamoja na la Kijerumani, ambayo ni Thawka, Said na Ghuza. Mwezi wa Agosti 1870, Rosalie akiwa na umri wa miezi minne, Heinrich Ruete alianguka alipokuwa akishuka katika tramu ya farasi, akakanyagwa na kufariki baada ya siku chache. Mjane alikuwa na miaka 25, na kwa mujibu wa sheria ya huko wakati ule hakuruhusiwa kusimamia peke yake mali wala malezi ya wanawe; waliteuliwa mawasii, yaani wasimamizi wa mirathi, na chini ya usimamizi huo mali ilipungua. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Majid naye alifariki, na aliyerithi kiti cha Unguja alikuwa Barghash.

Miaka ya kudai

Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa ya kuhama kutoka mji hadi mji kutafuta pahali pa gharama nafuu, akipita Dresden, Rudolstadt, Berlin na Köln, na kujipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Madai yake kwa ndugu zake yalihusu mafungu ya mirathi ya jamaa waliofariki baada ya yeye kuondoka, akiwamo Majid mwenyewe na dada yake Khole. Hapa ndipo sheria ileile iliyomfanya mrithi ilipomfungia mlango, kwa kuwa katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Barghash, kwa upande wake, alikuwa na hoja ya kisheria na pia kinyongo cha zamani, na si rahisi kutenganisha kimoja na kingine katika jibu alilolitoa, ambalo lilikuwa kimya.

Alijaribu mara tatu. Mwaka 1875, Barghash alipozuru London, Bibi Salme alimfuata huko, lakini kwa maelezo yake mwenyewe Sir Bartle Frere, mwanadiplomasia wa Kiingereza, alimshawishi asimwendee kaka yake, na badala yake watoto wake wapatiwe msaada wa masomo, msaada ambao haukupatikana. Mwaka 1885 alirudi Unguja baada ya miaka 19, akiwa pamoja na wanawe na chini ya ulinzi wa kikosi cha manowari za Kijerumani zilizotumwa na Kansela Bismarck kumlazimisha Barghash akubali ulinzi wa Ujerumani katika sehemu za bara. Watu wa mji walimpokea kwa furaha, wakamfuata vichochoroni na kumsalimu kwa Kiarabu na Kiswahili, ila kaka yake hakumpokea. Na Barghash alipoyakubali matakwa ya Kijerumani kuhusu bara, dai la dada yake halikuwa na uzito tena kwa waliomleta. Mwaka 1888, Barghash alipofariki na ndugu mwingine, Khalifa, kutawala, alikwenda tena, safari hii akiwa na Rosalie peke yake na bila manowari, akakaa miezi kadhaa na kuondoka mikono mitupu. Hakurudi Ujerumani moja kwa moja. Aliishi Jaffa na kisha Beirut hadi mwaka 1914, katika miji ambamo angalau adhana na Kiarabu vilisikika kila siku.

Kitabu na kasoro yake

Kumbukumbu za mwaka 1886, ambazo zilitafsiriwa kwa Kiingereza miaka miwili baadaye, hazikuandikwa kwa mpangilio wa tarehe tu. Zina sura za harusi, uganga, mavazi, mwezi wa Ramadhani, ugonjwa na matibabu, na sehemu kubwa inajibu dhana za Wazungu kuhusu mwanamke wa Kiislamu, ikieleza kwamba mwanamke huyo ana mali yake mwenyewe na mume hana haki nayo, jambo ambalo wanawake wengi wa Ulaya wa wakati huo hawakuwa nalo. Maandishi mengine, yaliyo katika umbo la barua kwa rafiki asiyetajwa jina aliyebaki Unguja, hayakuchapishwa hadi mwishoni mwa karne ya 20, na hayo yanasimulia upande wa pili: upweke wa Hamburg, baridi, na majuto ya mtu aliyebadili dini bila kufundishwa dini mpya.

Kasoro moja ya kitabu haiwezi kupitwa. Bibi Salme, ambaye mama yake aliporwa akiwa mtoto na ambaye mwenyewe alimiliki watumwa katika mashamba yake ya karafuu, aliutetea utumwa wa Unguja, akadai kuwa ulikuwa mpole kuliko ule wa Marekani, akawalaumu Waingereza kwa kuufuta kwa pupa, na akaandika maneno ya dharau juu ya Waafrika weusi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye huenda mababu zake walichuma karafuu hizo, maneno hayo hayawezi kuchukuliwa kuwa dosari ndogo ya zama. Mjini Hamburg kwenyewe uwanja uliopewa jina lake mwaka 2019 ulivuliwa jina hilo muda mfupi baadaye kwa sababu ya kurasa hizo. Anayekisoma kitabu kwa uangalifu ataona pia kwamba mateso ya Jilfidan yamesimuliwa kwa huruma ya binti, ilhali mamia ya watu waliofagia, kupika na kubeba maji Mtoni wametajwa kwa jumla, bila nasaba wala kwao.

Uzao

Watoto watatu walitawanyika kama alivyotawanyika mama yao. Antonie aliolewa na Eugen Brandeis, gavana wa Kijerumani katika Visiwa vya Marshall, akaishi naye huko Jaluit, na mwaka 1907 akatoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya wakazi wa makoloni. Alifariki katika shambulio la mabomu la Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha. Rosalie aliolewa na afisa wa jeshi aliyefikia cheo cha meja jenerali. Rudolph, aliyeunganisha jina lake la Kiarabu na la ukoo wa baba akawa Rudolph Said-Ruete, aliacha jeshi, akaongoza benki mjini Cairo, akahamia London na kuandika juu ya haja ya amani kati ya Wayahudi na Waarabu katika Palestina. Mwaka 1929 alichapisha kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said, na maktaba ya mama yake na yake mwenyewe ikahifadhiwa mjini Leiden, Uholanzi. Ni yeye pia aliyerejesha uhusiano na ukoo wa Unguja katika zama za Sultani Khalifa bin Harub. Binti yake, kama ilivyo desturi kwao bibi yake, alipewa jina la bibi: Salme.

Bibi Salme alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79, na akazikwa katika kaburi la familia ya Ruete katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja uliokutwa katika vitu alivyovihifadhi. Leo Kasri la Mtoni ni magofu, na chumba kimoja cha jumba la makumbusho lililo ufukweni mwa Mji Mkongwe kimetengwa kwa ajili yake.

Mafungu ya mirathi aliyoyadai kwa miaka mingi hayakumfikia. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kumjua Bibi Khole, uzuri wake, hasira zake na jinsi alivyoisimamia nyumba yake, hana pa kwenda ila katika kurasa za mdogo wake aliyefarakana naye. Na ni vivyo hivyo kwa Bibi Moza akikagua walinzi usiku, kwa Jilfidan akifika kasrini utotoni bila wazazi, na kwa mtawala akitembea peke yake juu ya benjile. Kumbukumbu yao yote imebebwa na mkono uliojifunzia juu ya mfupa wa ngamia herufi ambazo haukuruhusiwa kuzijua.